Kumpimia Mtoto Hadithi Yake

Fundi cherehani anayeijua kazi yake hashoni gauni la mtoto kabla ya kumsimamisha mbele yake, kumzungushia futikamba kifuani na kiunoni, na kumuuliza mama kama huyu ni mtoto wa kukaa au wa kupanda miembe. Kisha huacha pindo kubwa chini, kwa kuwa anajua kwamba kabla ya mwaka kwisha mtoto atakuwa amerefuka. Hadithi anayosimuliwa mtoto nyumbani inaweza kushonwa vivyo hivyo: kipimo kikachukuliwa katika siku yake mwenyewe, katika hofu zake, chakula anachokipenda na jina alilompa kuku wa jirani, na likaachwa pindo la kumfuata anapokua. Ninaeleza hapa namna ya kufanya hivyo katika nyumba ya kawaida, ambamo wazazi hurudi jioni wamechoka na vitabu vya watoto ni vichache au havipo kabisa. Nimewalea watoto watatu Dar es Salaam kwa njia hii, na ninaiamini.

Wala si jambo geni kwetu. Mwana Kupona binti Msham alipotunga utendi wake mwaka 1858, hakuanza kwa kuhutubia mabinti wote wa pwani. Alimwita binti yake, Mwana Hashima, asogee karibu, akamwambia yale aliyotaka yeye ayashike. Na bibi zetu, waliposimulia ngano ya Sungura na Fisi, walimpitisha Fisi katika mto tulimochota maji na kumficha nyuma ya nyumba ya mtu tuliyemfahamu, hata tukaogopa kwenda msalani usiku. Ngano ilikuwa ya watu wote, lakini ilikatwa upya kwa ajili ya wale waliokaa mkekani jioni ile.

Kuchukua kipimo

Kazi huanzia masikioni. Mzazi anayeuliza, "Shule ilikuwaje leo?" hupata jibu moja tu, "Nzuri," na mazungumzo hufungwa hapo hapo. Ukiuliza badala yake, "Leo nani alilia?" au "Mvua ilipoanza mlikimbilia wapi?" mtoto hufunguka, kwa sababu swali limempa mahali pa kushika. Elaine Reese wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, amechunguza kwa miaka mingi jinsi akina mama wanavyozungumza na watoto wadogo juu ya mambo yaliyokwisha kupita, na yeye na wenzake wameonyesha kwamba watoto ambao mama zao huuliza maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo au hapana, kisha wakayaongezea majibu ya mtoto maelezo zaidi, huja kuwa na kumbukumbu pana zaidi na huwa wasimulizi bora. Kwa hiyo hata siku ambayo hutasimulia chochote, kule kuuliza kwako tayari ni nusu ya kazi.

Kwa siku moja yatosha kukusanya mambo matatu: kitu kilichomtisha au kumuudhi mtoto, kitu alichokitamani, na neno alilolitunga mwenyewe. Mambo mawili ya kwanza wazazi wengi huyaona. La tatu hupotea kwa urahisi, nalo ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote, maana ndipo mtoto anapokuonyesha anavyouona ulimwengu. Mwanangu wa pili alipokuwa na miaka mitatu aliliita basi la mwendokasi "joka la watu", kwa kuwa aliliona likifungua ubavu na kuwatapika abiria kituoni. Neno lile nililiweka katika hadithi zake kwa miaka miwili, na kila lilipotajwa alikaa wima, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Watu wengi hudhani kwamba hadithi ni ya kitandani tu, na kwa kuwa saa ya kulala huwakuta wamechoka, huacha kabisa. Mimi nimesimulia zaidi nikiwa nasuka nywele. Jumamosi mchana mtoto amekaa katikati ya magoti yako, hawezi kuondoka kwa saa nzima au zaidi, kichwa kinamuuma, na wewe una mikono yenye kazi na mdomo usio na kazi. Hakuna nafasi bora kuliko hiyo. Nyingine ni wakati wa kuchambua mchele, wakati daladala imekwama kwenye foleni, wakati wa kusubiri zamu kwenye benchi la kliniki, na bila shaka wakati umeme umekatika na televisheni imenyamaza. Hadithi ya dakika tano katika nafasi hizi, siku tatu au nne kwa wiki, humfaa mtoto kuliko ile ndefu iliyoandaliwa kwa taabu mara moja kwa mwezi.

Kushona

Chukua mfano halisi. Mwaka wa shule kwetu huanza Januari, na wiki za kwanza malango ya shule za awali hujaa vilio. Mwanangu wa mwisho alilia kwa siku sita mfululizo, akinishika kanga hata mwalimu akawa anamng'oa kidole kimoja kimoja. Jioni ya siku ya sita nilimsimulia habari za msichana aitwaye Tatu, aliyeishi na bibi yake karibu na bwawa, ambaye asubuhi moja alipewa kazi ya kukipeleka kifaranga cha bata kuogelea kwa mara ya kwanza. Kifaranga kililishika gauni la Tatu kwa mdomo, kikakataa kuliachia. Tatu akakisukuma majini, kikarudi. Tatu akajificha nyuma ya mnazi, kikalia mpaka kunguru wote wakanyamaza. Mara ya tatu Tatu akachuchumaa, akakionyesha jua, akakiambia, "Jua likikaa juu ya mnazi huu, nitakuwa nimesimama hapa hapa." Kifaranga kikaingia majini polepole, kikiimba: "Jua juu ya mnazi, Tatu yupo njiani."

Hadithi hii fupi ina karibu kila kitu kinachohitajika, na inafaa kuitazama kwa makini. Hofu ya mtoto ipo, lakini haikuwekwa kwa Tatu. Imewekwa kwa kifaranga, na mtoto wangu akapewa kusimama upande wa Tatu, upande wa yule anayepaswa kutafuta neno la kumtuliza mwoga. Tatu alijaribu mara tatu, kwa kuwa mara tatu ni kipimo cha kale cha ngano zetu na mtoto hukitarajia hata asipofundishwa. Suluhisho lilitoka kwa Tatu mwenyewe, wala hakuja mtu mzima kulileta. Tena kulikuwa na kiitikio cha kuimba, kifupi kiasi cha kushikwa usiku ule ule, ili hadithi iweze kutembea mfukoni mwa mtoto mpaka langoni mwa shule. Siku ya nne baada ya hapo aliniuliza njiani jua litakuwa wapi nitakapokuja kumchukua. Nilimwonyesha, na nikafika kabla halijafika hapo. Mzazi anayechelewa siku kama hiyo huiharibu hadithi pamoja na ahadi iliyomo ndani yake.

Jambo moja sikulifanya, nalo nawasihi wazazi wasilifanye: sikumalizia kwa kusema, "Kwa hiyo na wewe usilie tena shuleni." Mara tu sentensi hiyo inapotamkwa, mtoto hutambua kwamba alikuwa akitegwa, na hadithi itakayofuata ataisikiliza akiwa amejikinga. Acha kimya baada ya neno la mwisho. Akiuliza, mjibu; asipouliza, mfunike shuka.

Jina la nani?

Vitabu na programu za simu zinazouzwa siku hizi kama "hadithi za mtoto wako" mara nyingi hufanya jambo moja tu, yaani kuchomeka jina la mtoto mahali palipoachwa wazi. Jina peke yake si kipimo. Natalia Kucirkova na wenzake, waliochunguza vitabu vyenye jina na mambo ya mtoto mwenyewe, wameona pande mbili za jambo hili: watoto wa umri wa shule ya awali walijifunza maneno mapya vizuri zaidi katika sehemu zilizowahusu wao, lakini pia walielekea kuzungumza zaidi juu ya nafsi zao. Mimi huchukua kutoka hapo kwamba jina la mtoto ni kama chumvi, ambayo chungu hakiendi bila hiyo, lakini hakuna anayeipika peke yake.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba jina lake halisi hutumika katika sifa, katika safari, na katika kumbukumbu za kweli. Bali kosa, aibu na hofu humwendea mhusika mwenye jina la kuazima, ambaye anafanana naye katika mambo mawili au matatu na kutofautiana naye katika mengine. Tofauti hizo ndizo mlango wake wa kutokea. Akitaka kusema, "Huyu ni kama mimi," atasema mwenyewe. Asipotaka, hakuna atakayemlazimisha.

Kanuni hii niliijua kwa kumuumiza mtoto. Kifungua mimba wangu alikuwa na miaka sita na bado alikojoa kitandani, nami jioni moja, mbele ya wadogo zake na binamu zake waliokuja likizo, nikasimulia habari za mvulana aliyelowesha godoro mpaka samaki wakahamia humo. Nilidhani kicheko kingempunguzia mzigo. Binamu walicheka, kisha wakamtazama. Kwa wiki tatu, kila niliposema "Paukwa", aliondoka chumbani. Nilimwomba msamaha mbele ya wale wale waliocheka, kwa sababu aibu iliyotolewa hadharani haiondoki kwa msamaha wa faraghani, na tangu hapo siri ya mtoto haijawahi kuwa hadithi mbele ya mtu wa pili bila ruhusa yake.

Ndugu nao wana madai yao. Mtoto mmoja akiwa shujaa kila siku, yule mwingine huhesabu, hata asiposema. Nilipanga zamu za siku, na katika zamu ya mmoja nilihakikisha kwamba shujaa hawezi kufika mwisho bila msaada wa mtu anayefanana na mwingine: yule asiyesikia vizuri lakini anaona mbali, yule mdogo anayepita chini ya ua.

Hadithi za kweli

Hadithi iliyopimwa si ile ya kutunga tu. Zipo pia zile zilizotokea, na hizi humpima mtoto dhidi ya urefu wa ukoo wake. Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, walitunga maswali 20 ya kuwauliza watoto kama wanajua mambo ya familia zao: babu na bibi walikulia wapi, wazazi walikutanaje, jina lako lilitoka kwa nani, ni ugonjwa au msiba gani uliwahi kuipata familia. Waliona kwamba watoto waliojua zaidi walielekea kujithamini zaidi na kujiona wana uwezo juu ya maisha yao. Lakini mzazi asiyakaririshe majibu kama hesabu za kuzidisha. Mtoto huyajua mambo hayo kwa sababu nyumbani kwao watu hukaa pamoja na kuzungumza, na huko kukaa pamoja ndiko kunakomjenga.

Katika familia nyingi za Tanzania hazina hii iko karibu kuliko tunavyodhani. Yupo babu aliyekwenda kukata mkonge Tanga akaitwa manamba, kwa sababu aliandikwa kwa namba. Yupo bibi aliyehamishwa kutoka nyumbani kwake wakati wa vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970, au aliyepanga foleni ya sabuni na sukari mwanzoni mwa miaka ya 1980 akarudi mikono mitupu. Yupo mjomba aliyekwenda vita vya Kagera mwaka 1978 na asiyependa kuvizungumzia. Huyo aachwe mpaka atakapotaka. Usichague ushindi pekee. Mtoto anayesikia kwamba baba alirudia darasa, kwamba biashara ya shangazi ya vitumbua ilikufa kisha ikafufuka, hujifunza kwamba watu wa damu yake huanguka na huinuka, na siku ya kuanguka kwake hatadhani kuwa ni wa kwanza.

Lugha yetu ina chombo cha kutenganisha aina hizi mbili, na ni vizuri kukitumia kwa uangalifu. Msimulizi anaposema, "Hadithi, hadithi!" na watoto wakaitika, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea," wote wamekubaliana kwamba kinachofuata kimetungwa. Basi usiifungue habari ya kweli kwa "Paukwa". Sema, "Hii ilitokea," taja mahali na mwaka kama unaujua, na ukiulizwa jambo usilolijua, mpigieni bibi simu mumuulize pamoja. Akieleza kwa Kisukuma, Kichaga au Kinyakyusa, acha wimbo au tusi la utani libaki katika lugha hiyo. Neno moja la kilugha ndani ya habari ya kweli hubaki na mtoto kwa muda mrefu sana.

Mauti na ugonjwa mkubwa huanza na ukweli mtupu, kisha ndipo hadithi. Mtoto akiambiwa kwamba babu "amesafiri" atamsubiri, na akiambiwa kwamba "amelala" anaweza kuogopa kulala. Mwambie kwamba babu amekufa, kwamba mwili wake umeacha kufanya kazi, na kwamba hatarudi. Baada ya siku kadhaa, akianza kuuliza, msimulie mambo ya babu mwenyewe: alivyokohoa kabla ya kubisha hodi, alivyokunywa chai na nani alikuwa wa kwanza kumiminiwa chai kwenye sahani.

Mzazi aliye mbali na mlezi aliye karibu

Shemeji yangu ni dereva wa lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi, na huweza kukaa wiki kadhaa bila kuwaona wanawe. Alikuwa akiwapigia simu na kuuliza, "Hamjambo? Mnasoma?" mpaka watoto wakawa wanakimbia simu. Tulimshauri atume ujumbe wa sauti wa dakika mbili katika kila kituo, ukiwa ni kipande cha hadithi moja ndefu: mjusi aliyepanda lori lake kisiri pale Morogoro, akatazama tembo kando ya barabara Mikumi, akafumba macho kwenye kona za mlima Kitonga, akalala njaa kwenye foleni ya malori Tunduma. Watoto huchora kila kituo, na siku nyingine hutuma wao sauti ya kumwelekeza mjusi afanye nini. Baba hana budi kuwatii, na hilo ndilo linalowafurahisha zaidi.

Aliye karibu ni dada wa kazi, ambaye katika nyumba nyingi hukaa na mtoto saa nyingi kuliko mama. Mwambie vipimo ulivyovichukua: wiki hii anamwogopa mbwa wa jirani, wiki hii anapenda neno fulani. Muulize naye vyake, maana huona mengi usiyoyaona, na mwombe asimulie ngano za kwao. Ukimsikia akimtisha mtoto kwa "zimwi litakuja kukuchukua usipokula", zungumza naye kwa upole na faraghani. Wengi hufanya hivyo kwa sababu ndivyo walivyolishwa wao.

Kuhusu programu za kutunga hadithi kwa kompyuta nitasema machache. Zinaweza kumpa mzazi aliyekwama wazo la kuanzia, nami sizikatazi, lakini usiziingizie jina kamili la mtoto, picha yake, jina la shule wala hofu zake za siri. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019 na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022, ila sheria haiwezi kurudisha picha iliyokwisha kutoka mkononi mwako. Chukua wazo, zima simu, usimulie kwa mdomo wako.

Pindo

Kwa mtoto wa miaka miwili hadithi ni sentensi tatu zinazorudiwa neno kwa neno, na ukibadilisha moja atakukemea. Kati ya minne na saba ndipo Tatu na kifaranga wanapotawala. Anapofika minane au tisa huanza kuona ncha za uzi: "Mama, huyu si ni mimi?" Usikane. Mwambie ndiyo, na umwachie achague mwisho. Vijana wengi huacha kabisa kutaka hadithi za kutunga, lakini wakati mnaosha vyombo pamoja, bila kutazamana usoni, watauliza jinsi ulivyofeli mtihani au jinsi ulivyompenda mtu kabla ya baba yao. Hapo ndipo pindo ulilolificha miaka yote linaposhushwa.

Na kabla ya kufika huko, jioni moja mtoto atakutangulia. Utakuwa umekaa umechoka, simu mkononi, naye atasimama mbele yako na kusema, "Paukwa!" Hadithi yake haitakuwa na mpango, wahusika watakufa na kufufuka bila sababu, na huenda ndani yake kuna mama asiyesikia anapoitwa. Jibu, "Pakawa," weka simu chini, na usimsahihishe hata neno moja.